Ukitafuta chanzo cha mlipuko, nenda nyumba ambayo hakuna aliyeugua (uzi)

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu wanajukwaa.

Kila kukizuka kipindupindu au "ugonjwa wa ajabu" mahali, swali huwa moja: wataalamu wameshafika, mbona hawasemi chanzo? Mimi ni afisa afya wa kata, miaka yangu mingi ya kazi nimeimaliza kandokando ya Ziwa Victoria. Nataka niwaeleze kazi hii inavyofanyika huku chini, kabla gari la mkoani halijafika. Nitatumia mlipuko mmoja nilioufuatilia kwa miguu yangu. Jina la kijiji siliweki, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Kijiji kina mwalo. Asubuhi mitumbwi inashusha dagaa, akina mama wanawaanika juu ya mchanga, wachuuzi wanapakia magunia. Kuna kambi ya wavuvi wanaokuja na kuondoka kufuata mwezi. Upande wa juu, mwendo wa nusu saa, kuna vitongoji vya wakulima na shule ya msingi yenye kisima cha pampu.

Siku moja, saa mbili asubuhi, muuguzi wa zahanati akanipigia. Hakutaja kipindupindu. Alisema: "Bwana Afya, tangu juzi usiku nimepokea watu wazima watatu, wanaharisha maji kama yaliyooshewa mchele. Mmoja macho yameingia ndani, hata mshipa wa kuwekea dripu siupati."

Neno lililoninyanyua kitini ni hilo la "watu wazima". Mtoto wa mwaka mmoja kuharisha ni habari ya kila siku kwenye zahanati zetu. Mtu mzima mwenye nguvu zake aliyelala mzima, akaamka hawezi kusimama kwa kuishiwa maji, huyo ni kengele. Mwongozo wa wakati ule ulitutaka tumhesabu kama mshukiwa mtu yeyote wa miaka 5 kwenda juu aliyeishiwa maji sana, au aliyekufa, kwa kuharisha majimaji. Siku hizi umri huo umeshushwa hadi miaka 2. Yule muuguzi hakuwa na maabara wala kompyuta. Aliangalia rejista yake na akaona kwamba wiki hii haifanani na zilizopita. Kama angekaa kimya akisubiri wa nne na wa tano, tungezika watu zaidi. Mpaka leo nikikutana naye namsalimia kwa heshima zote.

Sampuli za choo zilichukuliwa kwa kijiti cha pamba, zikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi vimelea visife njiani, zikapanda pikipiki. Majibu yalikuja siku ya nne: kipindupindu. Siku hizo nne hatukukaa bure: wagonjwa walipewa ORS na dripu kana kwamba jibu tunalo tayari, na mimi nikanunua kauntabuku.

Kauntabuku hiyo ndiyo silaha yenyewe. Kila mgonjwa mstari wake: umri, jinsia, kitongoji, kazi, siku na saa alipoanza kuharisha, maji anayoyanywa, alikokula siku tano za nyuma, amepona au amefariki. Siku tano kwa sababu vimelea vya kipindupindu huchukua kati ya saa chache na siku tano kabla ya kumwangusha mtu. Ugumu uko kwenye tarehe, kwani mtu anayetapika hakumbuki tarehe. Ukimuuliza "ulianza lini" atakwambia "juzi", na juzi ya kila mtu ni yake. Kwa hiyo unauliza: ilikuwa kabla ya gulio au baada? Mitumbwi ilikuwa imesharudi? Usiku ule mvua ilinyesha? Hapo mtu anakupa hata saa.

Kila jioni nilichora kiboksi kimoja kwa kila mgonjwa juu ya siku aliyoanza kuugua. Hadi siku ya nane tulikuwa na wagonjwa 23, wawili kati yao tukawazika. Viboksi vilipanda ghafla kama mlima kwa siku tatu, vikashuka, kisha kikafuata kilima kidogo. Mlima wa ghafla una maana yake: watu wengi wamekipata kitu kimoja ndani ya muda mmoja. Ugonjwa unaotoka mtu hadi mtu hupanda polepole, ngazi kwa ngazi.

Nilipopitia safu ya umri nikaganda. Kati ya watu 23, waliokuwa chini ya miaka 15 ni wawili tu. Kijijini watoto ndio wengi kuliko watu wazima. Sasa watoto wa kijiji kizima wamekwepaje kipindupindu?

Nakuja kuendelea.

Mdau wa Mwanza

Bwana Afya, sisi tuliokulia visiwani tunajua ni maji ya ziwa, siku zote ni maji ya ziwa. Ungemwaga klorini na kuhimiza vyoo, mambo yakaisha. Kuhangaika na viboksi kunasaidia nini?

Mwanzisha uzi

Mkuu, ziwa nami nililishuku siku ya kwanza, na klorini tuligawa siku hiyo hiyo. Lakini ukishasema "ni ziwa" umeshitaki kila mtu, na kesho yake watu wanarudi palepale walipopatia ugonjwa bila kujua.

Nilichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: nyumba, vyoo, njia, kisima, ufuo. Nyumba zenye wagonjwa nikazitia msalaba mwekundu. Misalaba mingi ilikuwa ufuoni, kama unavyosema. Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyokataa kukaa sawa.

La kwanza, nyumba moja iliyo hatua chache kutoka majini, yenye watu tisa, haikuwa na msalaba. Majirani wa kushoto na kulia wameugua, wao wazima. La pili, wagonjwa wanne walitoka vitongoji vya juu kabisa, kwenye nyumba zinazokunywa maji ya pampu ya shule.

Hapa ndipo penye kiini cha uzi wangu. Penye mlipuko kila mtu hukimbilia kwa mgonjwa: ndugu, mchungaji, mwandishi wa habari, mbunge. Mzima haulizwi na mtu. Nami nilikuwa hivyohivyo, siku sita nzima nimekaa kwenye vitanda vya zahanati. Siku ya saba nikaenda kuketi na ile familia ya watu tisa, nikawauliza maswali yaleyale niliyowauliza wagonjwa. Kijana wao mkubwa ni mlinzi wa shule. Kila jioni hushuka na madumu mawili ya maji ya pampu kwenye baiskeli, na mama yao huwakataza kula nje kwa sababu ya gharama. Wanafua ziwani, wanaoga ziwani, ila hawalinywi.

Watoto nao wakajieleza. Mchana kutwa wako shule, wanakunywa pampu.

Basi wale wanne wa juu? Wote ni akina mama wanaoanika dagaa. Wanashuka alfajiri na kupanda jua likizama, na mchana wanakula mwaloni kwa mama ntilie mmoja. Nikaenda kwake. Banda la mabati, meko mawili, ugali na dagaa wa nazi, na pembeni ndoo kubwa ya maji ya kunywa yenye kopo moja la plastiki. Mteja anachota mwenyewe, anakunywa, analirudisha kopo ndani. Maji anateka ziwani, palepale mitumbwi inapoegeshwa, na kambi ya wavuvi haina choo.

Nilimuuliza anawakumbuka waliokula kwake wiki mbili zilizopita. Akaingia ndani, akatoka na daftari la madeni. Wavuvi hulipa mwezi ukifika giza, kwa hiyo wengi wanakula kwa mkopo, naye anaandika kila sahani: jina, tarehe, kiasi. Dada yule aliishia darasa la nne lakini orodha yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Siku zile za mlima wa viboksi, daftari lilikuwa na majina 31. Kati yao 14 walikuwa wagonjwa wangu. Hao 17 waliobaki wazima ndio niliowatafuta mwalo mzima, siku mbili. Walikula ugali uleule na dagaa walewale. Wengine walikuwa wanashushia soda, wengine wana chupa zao za maji, wawili ni watu wa chai tu. Watano ndio waliokunywa ya ndoo wakasalimika, na hilo halishangazi, maana wengi wanaoingiwa na kimelea hiki hawaumwi kabisa, ingawa wanakitoa chooni. Kwa wagonjwa, 13 kati ya 14 walikunywa ya ndoo. Chakula kikatoka kwenye mashitaka, maji ya ndoo yakabaki. Kile kilima kidogo cha mwisho walikuwa ndugu waliowauguza majumbani.

Njia hii sikuibuni mimi. London mwaka 1854, mtaa wa Soho, daktari John Snow alishuku pampu ya Broad Street. Ramani yake ndiyo inayosifiwa, lakini mimi huwa nawafikiria zaidi wazima aliowauliza. Kiwanda cha bia cha mtaa uleule kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyekufa. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nyumba ya maskini ya jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu. Nayo ilikuwa na pampu yake. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ya Broad Street uling'olewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, watu walishakimbia mtaa. Nampenda kwa kukiri huko.

Mdau wa Machakos

Asante ndugu. Huku kwetu Ukambani, Kenya, mwaka 2004 watu walianza kugeuka macho manjano, tumbo linajaa maji, wanakufa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Watu walidhani ni homa fulani ya kuambukiza, wengine wakasema ni kurogwa. Mwishowe ikatambulika ni sumu ya kuvu kwenye mahindi. Visa 317, vifo 125. Mjomba wangu alikuwa anauza mahindi sokoni wakati huo na bado akisimulia sauti inabadilika.

Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu, na asante kwa kulileta hilo. Sumukuvu hiyohiyo ilitupiga Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68, wakafa 20. Nayo ilianza kama ugonjwa usiojulikana, macho ya manjano na tumbo kuvimba, familia moja watu kadhaa kwa mpigo.

Ukiona watu wa nyumba moja wanaanguka pamoja, akili inakimbilia kuambukizana. Lakini watu wa nyumba moja hawagawani mate peke yake, wanagawana na ghala. Kenya wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na majirani zao wazima, ikaonekana kwamba waliougua walikuwa na tabia ya kuhifadhi mahindi ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka. Ungewauliza wagonjwa peke yao, wote wangekwambia wanakula ugali, na ugali nani asiyeula? Tofauti inaonekana pale unapouliza nyumba ya pili mahindi yao waliyakausha vipi na wameyaweka wapi.

Mdau wa Lindi

Mkuu, ile ya Ruangwa 2022, watu kutokwa damu puani. Sisi hapa tulikuwa tunaogopa hata kupeana mikono. Ilikuwaje?

Mwanzisha uzi

Ile ilianzia pazuri, kwa maana ya utoaji taarifa. Mwanzoni mwa Julai kituo cha Mbekenyera kilipokea wagonjwa wawili, siku mbili mbalimbali, wenye homa, kichwa, mwili kuishiwa nguvu na damu puani. Wawili tu! Kituo kikapiga kengele. Homa na damu kwa nchi inayopakana na maeneo ya Ebola si mchezo, hivyo virusi vya Ebola na vya ndugu yake Marburg vilipimwa vikakosekana, na UVIKO-19 pia. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20, vifo 3.

Kwa Wayao mgunda ni shamba, na ugonjwa wenyewe una uhusiano na shamba kweli. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine, wanakaa kwenye maji na tope, wanaingia kupitia mchubuko wa ngozi au macho na mdomo. Watu wakiugua namna hii, mchunguzi anaangalia miguu yao, anauliza wanalima bonde gani, wanavaa buti au wako peku, panya wameongezeka ghalani msimu huu. Kupeana mikono hakukuwa na tatizo, lakini siwalaumu kwa kuogopa. Kabla jibu halijatoka, kuogopa ni haki ya mtu.

Mdau wa Bukoba

Naomba ueleze hili la kuwekwa watu chini ya uangalizi siku 21 kukiwa na Marburg. Mwaka 2023 tuliona jirani anafuatwa kila siku na watu wa afya, kijiji kikamtenga. Mtu haumwi, anafuatwa wa nini?

Mwanzisha uzi

Dada/kaka, swali hili linauma na nitalijibu kwa heshima.

Marburg ina siku 2 hadi 21 za kujificha mwilini. Mtu aliyemuuguza au kumwosha mgonjwa leo anaweza kuwa mzima kabisa wiki ya kwanza na ya pili. Katika siku hizo hamwambukizi mtu. Siku homa inapoanza ndipo anakuwa hatari, na hiyo ndiyo siku mnayotaka kuwepo mlangoni kwake na kipimajoto. Ndiyo maana anafuatwa akiwa mzima. Kagera 2023 waliofuatiliwa walikuwa zaidi ya 200, na wagonjwa jumla 9, wakafa 6, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa 21 Machi, ukatangazwa kwisha 2 Juni, baada ya kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili. Miaka miwili baadaye Biharamulo, Januari 2025, waliugua 10 na wote wakafariki. 2 tu ndio waliothibitishwa maabara, 8 walihesabiwa kwa dalili zao na uhusiano wao na wengine. Watu wanane wamepita bila damu yao kupimwa. Kila nikifikiria hilo najua kwamba kengele ilichelewa mahali fulani.

Kuhusu kutengwa, wa kulaumiwa ni sisi watu wa afya. Tunaingia kwenye mji wa mtu na gari lenye nembo, watu watano, makoti meupe, halafu tunashangaa majirani wakikimbia. Mtu anayeombwa asitoke siku 21 ana shamba la maharage linalosubiri palizi na watoto wanaosubiri kula. Kama hujampelekea unga na hujampata mtu wa kumpalilia, atatoroka usiku, na hapo hujafuatilia kitu. Nilipofanya kazi hiyo mimi, nilikuwa naacha pikipiki mbali na kwenda kwa miguu na mhudumu wa afya wa kijiji ambaye kila siku hupita nyumba zile. Hakuna aliyegeuza shingo.

Na kwa mnaoniuliza kwa ujumbe wa faragha (PM) mtu wa kawaida afanye nini: piga 199, ni bure. Tetesi pia zinapokelewa. Mbuzi wanakufa ovyo, watu wazima watatu wanaharisha wiki moja, mazishi mawili nyumba moja, sema. Ikiwa si kitu, hakuna aliyepoteza.

Mdau wa Mwanza

Nimerudi, nimekubali habari ya viboksi. Lakini hujasema yule mama ntilie aliishia wapi.

Mwanzisha uzi

Nilijua mtauliza. Kwa ajili yake ndiyo sijataja kijiji.

Nilimwahidi jina lake halitatoka. Nililitunza mdomoni, ila miguu yangu ikalitoa. Nilikaa bandani kwake saa mbili mchana kweupe, nimevaa koti la kazi, nakopi daftari lake, na mwalo mzima unapita. Jioni kijiji kilishahitimisha. Kesho yake hapakuwa na mteja hata mmoja. Asubuhi ya tatu yake mtu alimwagia mchanga kwenye sufuria. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikaeleza kwamba maji ni ya ziwa, kambi haina choo, na mgonjwa wa kwanza kwenye daftari langu alikuja na mtumbwi akiwa tayari anaumwa. Niliongea kwa nguvu zangu zote. Watu walinisikiliza, wakatoka nje wakimtaja yeye.

Alifunga wiki tano. Tulichimba vyoo viwili kambini kwa nguvu ya wavuvi wenyewe. Mimi na mtendaji tukachanga ndoo mbili zenye koki na mfuniko, vikombe kumi na mbili na klorini ya kuanzia. Siku aliyofungua tulikwenda kula pale wawili, saa saba, benchi la mbele, kila mtu anatuona, tukanywa maji ya ile ndoo. Siku ya pili tukarudi. Siku ya nne akina mama wa dagaa wakaanza kukaa.

Ila wale wavuvi wa kwenye daftari, wengi walishahama na mwezi. Madeni yale aliyoyaandika kwa uaminifu, yaliyotuonyesha ndoo, hakulipwa.